Mshono wa Mashoto

Koti lilikuwa na mikono miwili ya kushoto.

Mashoto alilitazama likiwa limening'inia kwenye henga. Akaligeuza nyuma, akalirudisha mbele, akaligeuza tena nyuma, kama mtu anayetumaini kwamba safari ya tatu mambo yatakuwa yamejirekebisha yenyewe. Hayakujirekebisha. Mkono mmoja ulishuka vizuri, ukapinda kidogo kwenye kiwiko kuelekea mbele, kama mkono wa binadamu unavyotakiwa. Wa pili ulipinda kuelekea nyuma. Koti zima lilikaa kama mtu anayekusalimia kwa mkono mmoja huku ameficha jiwe mgongoni.

"Haya," alisema. "Leo umenikomesha."

Alikuwa anaongea na koti. Mwenye kosa alikuwa bado chumba cha nyuma, ananyoa ndevu na kupiga mluzi.

Kosa lile lina umri wake. Mwanafunzi wa ushonaji hulifanya wiki ya kwanza: anakata mkono mmoja, anasahau kugeuza kitambaa, anakata wa pili vilevile. Anachekwa mpaka anatamani kurudi kwao, anafumua, halirudii tena maishani. Lakini Fundi, mumewe, alikuwa ameshika mkasi kwa miaka arobaini na miwili. Aliwahi kukata suti akiwa na homa, akiwa na msiba, na mara moja akiwa anagombana na mkewe kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, na kulia kukatoka kulia, kushoto kukatoka kushoto. Na huu mkono hakuukata tu. Aliushona, akaupachika begani, akalitundika koti, akaenda kulala usingizi wa mtu asiye na deni na dunia.

Mashoto akachukua wembe, akaanza kufumua.

Jina la Mashoto si la wazazi wake. Alipewa na mume siku ya kwanza alipomwona ameshika sindano kwa mkono wa kushoto, hata hajawa mume bado. "Mishono yako imelala upande wa pili," Fundi alimtania, "kama mke aliyenuna." Naye akamjibu, "Aliyenuniwa huwa anajua sababu." Mwaka haujaisha wakaoana, jina likamganda. Wakagawana kazi. Vifungo na matundu yake, na pindo za suruali, vikawa vya Mashoto. Kukata kukawa kwa Fundi, na bega likawa la Fundi peke yake.

"Begani hapaguswi na mtu," ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. "Suti ni bega. Mengine yote ni mapambo."

Mwaka ule Mashoto alikuwa ameligusa bega mara nyingi kuliko alivyotaka kuhesabu. Alifanya hivyo mapema asubuhi, kabla mluzi haujaisha, na mishono yake aliificha ndani, chini ya bitana, mahali ambapo hakuna mteja anayechungulia. Leo hata hivyo kulikuwa na mkono mzima wa kukata upya, na mluzi wa kunyoa ni robo saa tu.

Mlango wa mbele ukafunguka. Alikuwa binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hupita kila siku kuwasalimu kabla ya kwenda kazini.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini asubuhi yote hii?"

"Marahaba. Nabadilisha bitana."

Binti akautazama mkono uliolala mezani, akautazama uliobaki kwenye koti. Mtoto wa fundi ni mtoto wa fundi, hata akisoma mpaka akafundisha wenzake.

"Mama. Hii yote ni ya kushoto."

"Shusha sauti."

"Tangu lini baba anakata hivi?"

"Kila mtu hukosea. Wewe juzi hukutia chumvi kwenye chai?"

"Nilitia mara moja, nikaitema. Baba jana kaniuliza mara nne kama nimekula. Ile ya nne nilikuwa natafuna." Binti akavuta kigoda, akakaa karibu na mama yake. "Mama, mficha maradhi—"

"Ishia hapohapo. Hiyo methali naijua inakoishia, na sijawahi kuipenda hata siku moja."

"Basi sikiliza. Hospitali kuu kuna kliniki ya watu wenye shida ya kumbukumbu. Nimeshamchukulia baba siku, Jumanne. Watampa mtihani kidogo, halafu watampiga picha ya ubongo. Wanaosahau si wote sawa. Wengine ni umri tu, wanabaki hapohapo. Wengine inaendelea mpaka mtu hajui aliko wala aliye naye. Picha inasaidia kujua nani anaelekea wapi."

"Na ukishajua? Picha inatibu?"

Binti akaokota nyuzi zilizofumuliwa sakafuni, mmoja mmoja. Lilikuwa swali ambalo na yeye alikuwa amelala nalo.

"Nani anaelekea wapi?" Fundi alikuwa amesimama mlangoni, povu la sabuni bado limemshika sikioni. Mashoto alikuwa ameshalitupia koti kipande cha kitambaa, kwa wepesi wa mtu mwenye mazoea.

"Wewe, baba," binti akasema. "Jumanne. Hospitali. Kupimwa kumbukumbu."

Mashoto alijiandaa kwa vita. Hakukuwa na vita.

"Sawa," Fundi akasema. "Nimepima watu tangu sijaota ndevu, sasa zamu yangu. Waambie tu wasinikate kabla ya kunijaribisha."

Alikubali upesi mno. Mashoto angelikumbuka hilo baadaye. Wakati ule alichofikiria ni koti. Binti alipoondoka, akamwambia mumewe uzi mweusi umeisha, aende dukani. Fundi akamtazama kidogo, akavaa kofia yake, akaenda. Aliporudi koti lilikuwa na kulia na kushoto. Akalipiga pasi mwenyewe, kama desturi yake, akaingiza mkono ndani ya bega, akapapasa bitana taratibu kwa vidole viwili. Kisha akalitundika bila kusema neno.

*

Daktari wa kliniki ya kumbukumbu alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu aliyelala vizuri. Alimwambia Fundi maneno matano ayatunze kichwani: kiti, mto, ndizi, barua, nyundo. Halafu akamuuliza mambo mengine, tarehe, hesabu za kutoa saba saba. Za saba alizimaliza bila kutua. Mtu wa futi na inchi hatishwi na kutoa.

"Sasa nirudishie yale maneno matano, mzee."

"Kiti," Fundi akasema. "Nyundo."

Wakangoja. Saa ya ukutani ikafanya kazi yake.

"Hayo mengine," Fundi akasema mwishowe, "ulinipa au uliniazima?"

Daktari akacheka, akaandika. Mashoto hakucheka.

"Lakini daktari," Fundi akaendelea, "bega lako la kulia limeshuka. Unabeba mkoba upande huo, tena mzito. Hamia wa pili kabla mwili haujazoea."

Daktari akalishika bega lake. Ni kweli alibeba upande huo. Akaandika na hilo, Mashoto hakujua kwenye safu ipi.

Kisha akamchukua Mashoto chumba cha pembeni, na fomu. "Tunamuuliza mtu anayeishi naye," alieleza, "kwa sababu anayesahau husahau pia kwamba amesahau. Anarudia maswali?"

"Kidogo."

"Amewahi kupotea njia anayoijua?"

"Hapana." Hilo lilikuwa kweli.

"Kazini je? Kazi aliyoizoea. Anafanya makosa ambayo zamani hakuyafanya?"

Mashoto alitazama mikono yake. Kidole cha kati cha kushoto kilikuwa na sugu pale subana, kofia ya kidole ya mshonaji, inapokaa. Miaka arobaini na miwili mume wake amevisha watu: maharusi, mahakimu, walevi waliotaka kufanana na mahakimu. Watu walisimama mbele yake na vitumbo na vibiongo vyao, akavificha, wakatoka wamenyooka. Leo yeye ndiye amvue nguo, mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe lisilo na bega?

"Hapana," akasema.

"Hata kidogo?"

"Mume wangu ni fundi. Muulize yeyote."

Kalamu ikaweka alama.

Chumba cha picha kilikuwa chini kabisa, mwisho wa korido ndefu yenye harufu ya dawa ya sakafu. Mtaalamu wa picha, mwanamume mnene mpole, alieleza kwamba mashine yake ni sumaku, tena si ya kuchezea. Chuma chochote mwilini kitolewe.

"Mwanangu," Fundi akasema, "unaongea na mshonaji."

Akatoa pini mbili kwenye ukosi. Mtaalamu akashukuru. Akatoa sindano kwenye pindo la mkono wa shati, imezungushiwa uzi. Mtaalamu akashukuru tena. Ikatoka subana mfukoni, zikatoka pini tatu kwenye mshipi, ikatoka sindano kubwa ya magunia ambayo hata Fundi aliitazama kwa mshangao.

"Basi?" mtaalamu akauliza.

"Nyuma ya kola," Mashoto akasema akiwa kitini. "Kushoto."

Ilikuwepo. Mtaalamu akaleta bakuli la kuviwekea vyote, akampa Fundi gauni la hospitali avae. Fundi akalikunjua, akalisoma kama barua ya ukoo wenye ugomvi.

"Nani kashona hili?"

"Sijui, mzee."

"Huyu alikuwa anakimbizwa."

Lakini alilivaa. Alipopita kwenda kwenye mashine, kamba zake zimefungwa mgongoni na miguu yake myembamba nje, Mashoto alitazama sakafu. Hakuwahi kumwona kwenye nguo isiyomkaa.

Mlango mzito ukafungwa. Mlio wa mashine ukapenya ukutani, ta-ta-ta-ta, ukanyamaza, ukabadilika, grrr, ukarudi. Alipotoka Fundi alisema ni kama kulazwa ndani ya cherehani ya zamani isiyotiwa mafuta, na kwamba alikuwa karibu kusinzia.

*

Wiki iliyofuata walikaa wawili mbele ya meza ya daktari. Binti alikuwa darasani. Kwenye kioo cha kompyuta zilisimama picha mbili pembeni kwa pembeni, za kijivu na nyeupe na nyeusi, kila moja kama kichwa kilichokatwa wima kutoka sikio hadi sikio.

"Nitaeleza polepole," daktari akaanza. "Kuna mabadiliko fulani ambayo—"

Fundi alikuwa ameshavaa miwani. Akainuka, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Yangu ni ipi?"

"Hii."

"Na ile?"

"Ni ya mtu wa umri wako asiye na shida. Tunaweka kwa kulinganisha."

Fundi alitazama moja, akatazama nyingine. Mashoto aliijua ile shingo iliyoinama upande. Hivyo ndivyo alivyomtazama mteja aliyerudi kujaribu, kabla hajagusa pini.

"Imepwaya," akasema.

"Samahani?"

"Imepwaya. Mwenzangu huyu kajaa, koti limemkaa. Mimi tazama, pembeni hapa nafasi, hapa kwenye mikunjo nafasi. Fuvu ni lilelile, mimi nimekonda ndani yake." Kidole chake kikashuka, kikasimama chini ndani, pande zote mbili. "Na hivi ni jozi, sivyo? Kama mikono. Kwa mwenzangu vinalingana. Kwangu cha huku kimesinyaa zaidi."

Daktari alikuwa amenyoosha mkono kushika kalamu, ukabaki hewani. "Mzee, hii umesomea wapi?"

"Kwenye viuno vya watu."

"Hicho ndicho tunachokiangalia kwanza," daktari akasema, na sauti yake ikaacha kupamba. "Ndicho kinachopokea mambo mapya na kuyatunza. Hicho ni cha kushoto. Kwenye picha kinaonekana kulia kwa sababu—"

"Kwa sababu tunatazamana. Mteja akisimama mbele yangu, kushoto kwake ni kulia kwangu. Hilo ndilo la kwanza kufundishwa."

Mashoto akalikumbuka lile koti.

Fundi akarudi kukaa. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo picha si mtabiri," daktari akasema. "Wapo wenye picha ya namna hii ambao wanaendelea na maisha yao. Picha tunaiweka pembeni ya mambo mawili, mtihani tuliokupa na maelezo ya nyumbani. Yote matatu yakikubaliana, ndipo nathubutu kusema kitu. Kwako mawili yanakubaliana. La tatu linapinga." Akavuta fomu, akaigeuza imwelekee Mashoto. "Mama, hapa inasema kazini hakuna kilichobadilika. Kama ni hivyo, nitasema tungoje, mzee arudi baada ya mwaka, nisianzishe kitu. Kama sivyo, mwaka huo tutakuwa tumeutupa. Na kwa hali hii, mwaka ni kitambaa kingi."

Pangaboi lilizunguka juu. Mashoto alitazama ile alama ya kalamu, ndogo, nadhifu. Hapana. Akilisema tena, watarudi nyumbani, Fundi atabaki Fundi, naye ataendelea kuamka mapema na wembe wake. Akilibadilisha, atakuwa amemvua mume wake nguo zote, na shati la ndani.

"Mama?"

"Mashoto," Fundi akasema.

"Naam."

"Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Sijui. Ningekuwa najua ningemwambia mwenyewe."

Mashoto akamgeukia. Fundi hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama vidole vyake viwili, kile cha shahada na cha kati, akivisugua pamoja.

"Tangu mwaka huu uanze," alisema, "nikipiga pasi koti, begani nakuta mishono imelala upande wa pili. Mara ya kwanza nikasema ni macho. Nikapapasa. Vidole havina miwani, havidanganyi. Na mji mzima huu anayeshona vile ni mmoja. Nikajua umepita. Makoti kumi na moja, Mashoto. Nimeyachora nyuma ya kalenda, nisije nikayasahau na hayo."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Najua umefumua, sijui umefumua nini. Nalitazama koti, limetulia kama malaika. Nawaza, nilikosea kola? Nilikata kifua kifupi? Nikamngoja mke wangu aniambie. Mke wangu akaniambia uzi mweusi umeisha."

"Haukuwa umeisha," Mashoto akasema kwa sauti ndogo.

"Nina kabati zima la uzi mweusi."

Kicheko kilimtoka Mashoto bila ruhusa, kikavunjika katikati, akajifunika uso kwa kanga. Daktari akasukuma boksi la karatasi laini mezani, akatazama dirishani, kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

Kisha Mashoto akasema. Alianza na la mpiga picha wa harusi, mfuko ulioshonwa ukafungwa mdomo. Akaja kwenye suti ya yule wakili, kola ya koti moja kwenye koti la mwingine. Lile la kijivu alilolikata kwa vipimo vya marehemu kaka yake mteja. Akarudi nyuma kwa moja aliloliruka, akajichanganya, akaanza upya. Fundi alisikiliza bila kumkatiza, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa mashtaka na kuyaona ni ya haki.

"Na la mwalimu mkuu, lile la juzi."

"Lile lilikuwa na nini?"

"Mikono miwili ya kushoto."

"Miwili?"

"Miwili."

"Nikaipachika?"

"Ukaipachika. Ukalitundika."

Fundi akapumua kwa nguvu puani. "Basi huenda nilikuwa nakushonea wewe," akasema, na wote watatu wakacheka, daktari pia, kicheko kifupi. Halafu Fundi akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati lake. Aliifuta upande huu na upande huu, muda mrefu, na miwani haikuwa na vumbi.

"Hilo ni la mwanafunzi wa wiki ya kwanza," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia."

"Ningekuvua nguo."

"Sasa mke ni nani," Fundi akauliza taratibu, "kama si yule anayekuona huna nguo?"

Mashoto akaivuta ile fomu, akamrudishia daktari. "Futa hapo," akasema. "Andika ndiyo."

Daktari akaandika. "Sasa yanakubaliana," akasema, bila furaha ya mtu aliyepata jibu. Akawaeleza kama walivyostahili. Katika watu wenye mambo yote matatu, wengi shida huendelea, miaka michache tu, mpaka inafika kwenye kuvaa, kula, kujua watu. Si wote. "Wewe uko kundi gani sijui, na anayekuambia anajua, mkimbie. Ila ningekuwa wewe, ningejipanga kama niko kwa wengi." Zipo dawa zinazowasaidia baadhi kwa muda, kilichopotea haziwezi kukirudisha.

"Kama suruali fupi," Fundi akasema. "Upindo unaweza kuuteremsha. Kitambaa huwezi kukiotesha."

"Ni hivyo, mzee."

"Na kazi?"

"Fanya, maadamu kuna jicho la pili. Lakini liwe la wazi. La kujificha limewachosha wote wawili."

*

Nyumbani Mashoto aliitoa kalenda msumarini, akaigeuza. Zilikuwepo, alama kumi na moja za chaki ya kukatia, zimeanza kufutika. Pembeni ya ile ya mwisho kulikuwa na alama ya kuuliza. Akairudisha ukutani vilevile.

Siku ya tatu, Fundi alitandika kitambaa cha bluu mezani. Akachora mkono wa kwanza, akakata. Mkasi ulipita bila kusita, na ungempa mtu asiyejua moyo wa kusema hospitali wamekosea. Akasogeza kitambaa, akachora wa pili. Mashoto aliona tangu chaki ilipoanza. Mwezi uliopita angenyamaza, akalala, akaamka na wembe. Ulimi ulikuwa mzito kama pasi ya mkaa.

"Fundi," akasema. "Hujageuza."

Mkasi ulikuwa umeshafungua mdomo.

"Najua!"

Hakuwa anajua. Wote wawili walilisikia hilo ndani ya sauti yake. Chaki ikaruka, ikagonga ukuta, ikavunjika. Mashoto hakuinuka kuiokota. Alikaa kwenye kiti chake, anatoboa tundu la kifungo, machozi yakishuka hadi kwenye bitana ya mtu, na hakuondoka. Hilo lilikuwa gumu kuliko kufumua.

Kisha Fundi akainama, magoti yakalia, akaokota kipande kikubwa cha chaki, akakipuliza vumbi. Akageuza kitambaa.

"Hapo?"

"Hapo."

Akakata.

Wakaendelea hivyo. Zilikuwepo siku njema, wiki nzima bila neno, na Fundi akapiga mluzi na kuwatania wateja kwa vitambi vyao. Zilikuwepo siku ambazo kosa lilipenya, koti likashonwa na ubaya wake wote, na Mashoto akalipeleka mezani mchana kweupe, wembe mkononi. "Fumua hapahapa nikuone," Fundi angesema, "na uniambie unapoanzia." Naye angemwambia. Binti alipopita asubuhi na kuwakuta vichwa vyao vimeinamia bega moja, alisalimu kwa sauti ya chini, kama aliyeingia kanisani au msikitini wakati watu wamesujudu.

Miezi ikaenda. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, Fundi alimaliza kubana mkono kwenye koti la mteja kwa pini, akalitazama, akalitazama tena. Kisha akalisukuma taratibu kuvuka meza, likasimama mbele ya mkewe.

"Shona bega wewe," akasema.

Mashoto hakuligusa. "Begani hapaguswi na mtu."

"Nani alisema?"

Mashoto akainua uso, akamsoma macho, aone kama ni utani au kama amesahau kweli, kama daktari alivyosema. Alikuwa amemsoma mwanamume huyu miaka zaidi ya arobaini. Safari hii hakuweza kujua. Macho yalikuwa yaleyale, yakingoja jibu.

"Wewe ndiye uliyesema," akamwambia, kama vile anaulizwa kwa mara ya kwanza.

"Basi nilikuwa mjinga," Fundi akasema, akamsogezea kiti karibu na dirisha, penye mwanga.

Mashoto akavaa subana, akaanza kushona. Mishono ikalala upande wake wa pili, mmoja baada ya mwingine, na Fundi akakaa pembeni yake, anaitazama.